Unacheza Kama Kompyuta

Mpwa wangu alikuwa na miaka 14 siku alipoambiwa mbele ya watu kwamba anacheza kama kompyuta. Ilikuwa Jumamosi, Kajiado mjini, kwenye mashindano madogo ya chesi ya wanafunzi, ndani ya ukumbi wa viti vya plastiki na paa la mabati lililoanza kulia jua lilipopanda. Alikuwa ameshinda michezo mitatu mfululizo. Wa tatu alimpiga kijana aliyekuja na kocha wake, fulana yenye jina mgongoni na saa ya chesi ya kwake mwenyewe. Kete hazijarudishwa hata kwenye sanduku, mzazi wa yule kijana akamfuata mwamuzi na kusema kwa sauti iliyofika mlangoni: "Huyu mtoto anacheza kama kompyuta. Akaguliwe."

Akakaguliwa. Mifukoni mwake mlikuwa na kalamu, shilingi 50 na nusu andazi lililofungwa kwa karatasi ya daftari. Simu yake nilikuwa nayo mimi, imezimwa, ndani ya begi tangu asubuhi. Mwamuzi akaangalia, akamrudishia vitu vyake, akasema matokeo yabaki yalivyo. Hakuna aliyeomba msamaha, na sikudai. Mchezo wa nne, kijana wangu alimwacha malkia wake aliwe bure kwenye hatua ya kumi na moja. Mikono ilikuwa inatetemeka. Wa tano akapoteza pia.

Kwenye matatu ya kurudi Kitengela hakusema kitu mpaka tukafika Isinya. Hapo, gari likingoja abiria kwenye makutano ya barabara ya Kiserian, akatoa simu, akafungua programu anayofanyia mazoezi, akaniuliza: "Anko, kwani kuna mtu duniani anaweza kuipiga hii kitu?"

Nilimjibu hapana. Lakini jibu la neno moja halikumtosha, na hata mimi halikunitosha. Njia iliyobaki nilimsimulia nilichokumbuka, na usiku nikakaa kutafuta mengine. Nikaona kwamba sentensi ya yule mzazi ina historia yake. Zamani ukimwambia mtu anacheza kama kompyuta ulikuwa unamtukana kwa kucheza vibaya. Leo unamshtaki kwa kucheza vizuri. Mageuzi hayo yamechukua miaka kama 50 tu, na wanaolipa gharama yake sasa ni watoto ambao hawakuwa hata wamezaliwa yalipoanza.

*

Hadithi inaanza na uongo. Mwaka 1770, mjini Vienna, Wolfgang von Kempelen alionyesha mashine mbele ya Maria Theresa: sanamu ya mtu aliyevaa kilemba na joho, ameketi nyuma ya kabati lenye ubao wa chesi juu yake. Waliiita Mturuki. Ilizunguka Ulaya na baadaye Marekani ikiwapiga watu, na mwaka 1809 ikacheza na Napoleon. Ndani ya kabati alikuwamo mchezaji hodari wa nyama na damu, amejikunja kando ya magurudumu ya maonyesho. Kabati hilo liliteketea kwa moto Philadelphia mwaka 1854. Kwa hiyo udanganyifu wa kwanza maarufu wa mashine katika chesi ulikuwa wa mtu kujifanya mashine.

Mashine za kweli zilipokaribia kuja, zilichekesha. Mwaka 1952, kule Uingereza, Alan Turing alikuwa na programu ya chesi lakini hakuwa na kompyuta yenye uwezo wa kuiendesha. Akaiendesha mwenyewe kwa karatasi, akifuata kanuni zake moja baada ya nyingine, akicheza na mwenzake Alick Glennie. Programu ikapigwa.

Mwaka 1968 David Levy, bingwa wa chesi wa Scotland, aliweka dau na wataalamu wa kompyuta kwamba ndani ya miaka 10 hakuna programu itakayomshinda katika pambano. Watu wengine wakaongeza pesa zao, dau likafika pauni 1,250. Mwaka 1978 muda ulipokwisha, Levy alikaa Toronto mbele ya programu bora ya wakati huo, Chess 4.7, akaishinda kwa pointi 3.5 dhidi ya 1.5. Mbinu yake ilikuwa kutofanya chochote cha haraka. Alipanga kete zake polepole, akaiacha kompyuta ijichanganye, kwa sababu alijua udhaifu wake: inapenda kula. Ukiiwekea askari, inamla. Haiulizi mbona umemweka pale.

Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kucheza kama kompyuta. Kula kila unachowekewa, kuhesabu bila kuelewa, kutokuwa na mpango. Hata hivyo Levy alipoteza mchezo mmoja kati ya ile. Na mwaka 1989 alipokaa tena, safari hii na mashine iliyoitwa Deep Thought, alipigwa kabisa.

*

Mwaka 1996, Philadelphia, Garry Kasparov, bingwa wa dunia, alicheza na Deep Blue ya kampuni ya IBM. Alipoteza mchezo wa kwanza lakini akashinda pambano kwa 4 dhidi ya 2. Mei 1997 wakakutana tena New York. Deep Blue ilikuwa imeboreshwa hadi kuchunguza takriban hali milioni 200 za ubao kwa sekunde moja.

Mchezo wa kwanza Kasparov alishinda. Wa pili ndio uliomvunja. Kulikuwa na askari wa kuliwa, na kila mtu, Kasparov akiwa wa kwanza, alitarajia mashine ingewala. Ikakataa. Ikacheza hatua ya utulivu iliyombana Kasparov asipate pa kupumulia. Akakubali kushindwa, na baadaye wachambuzi wakaonyesha kwamba huenda bado alikuwa na njia ya kupata sare. Kilichomsumbua ni kwamba kompyuta haikucheza kama kompyuta. Alipozungumza na waandishi wa habari alitaja mkono wa Mungu, ule wa Maradona kwenye Kombe la Dunia la 1986. Alishuku kwamba kuna binadamu nyuma ya pazia. Aliomba kuonyeshwa kumbukumbu za hesabu za mashine. Tarehe 11 Mei alipoteza mchezo wa sita kwa hatua 19 tu, na pambano likaisha 3.5 dhidi ya 2.5. IBM ilikataa marudiano, na Deep Blue ikastaafishwa.

Hebu tazama lilipokuwa limefika. Miaka zaidi ya 200 baada ya Mturuki, bingwa wa dunia aliishuku mashine ya kweli kwamba imeficha mtu, kwa sababu ilicheza vizuri mno.

Baada ya hapo binadamu hawakuanguka siku moja. Mwaka 2002 Vladimir Kramnik alitoka sare ya 4 kwa 4 na Deep Fritz kule Bahrain. Mwaka 2003 Kasparov alitoka sare mara mbili na programu mbili tofauti. Juni 2005 Michael Adams, mmoja wa wachezaji bora kumi duniani, alikutana London na Hydra, mashine iliyokuwa mradi wa Abu Dhabi, akapigwa 5.5 kwa 0.5. Michezo sita, sare moja, basi.

Novemba mwaka huo, Bilbao, Hispania, mabingwa watatu wa zamani wa dunia walicheza na mashine tatu. Mashine zilishinda kwa jumla ya 8 dhidi ya 4. Lakini tarehe 21 Novemba 2005 Ruslan Ponomariov wa Ukraine aliipiga Fritz. Mchezo ule ndio unaotajwa sana kuwa mara ya mwisho kwa mchezaji wa ngazi ya juu kuishinda mashine bora katika mchezo wa kawaida wa mashindano, bila kupewa upendeleo wowote. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba ni wa mwisho. Ulikuwa mchezo mmoja kati ya mingi wiki hiyo.

Mpwa wangu alinikatiza hapo. "Yaani mimi sijawahi kuishi siku ambayo mtu anaweza kushinda?"

Ni kweli. Hajawahi. Na tangu hapo pengo limepanuka tu. Mwaka 2009 programu iitwayo Pocket Fritz 4, ikiwa ndani ya simu ya mkononi, iliingia mashindano ya watu Buenos Aires ikapata pointi 9.5 kati ya 10. Mwaka 2014 Hikaru Nakamura alicheza michezo minne na Stockfish. Miwili akisaidiwa na programu nyingine ya zamani, miwili Stockfish ikianza na upungufu wa askari mmoja. Hakushinda hata mmoja. Desemba 2017 Google ilitangaza AlphaZero, iliyofundishwa kanuni za mchezo tu, ikacheza na nafsi yake kwa saa chache, kisha ikaishinda Stockfish ya wakati huo mara 28 katika michezo 100, na 72 zikawa sare. Tangu 2020 Stockfish nayo imechanganya mbinu za aina hiyo.

Pointi za juu kabisa ambazo binadamu amewahi kufika ni 2882, za Magnus Carlsen, Mei 2014. Kwenye orodha za mashine, Stockfish ya leo inapita 3600. Orodha hizo hazihesabiwi pamoja, kwa hiyo ni makadirio. Lakini yanatosha kukupa picha: Carlsen akikaa mbele ya simu ya mpwa wangu, yuko mahali ambapo mchezaji mzuri wa kilabu angekuwa akikaa mbele ya Carlsen.

*

Kwa hiyo swali la nani ana nguvu limefungwa. Lililofunguka ni jingine, na lilifunguka mwaka mmoja tu baada ya Bilbao.

Mwaka 2006, mjini Elista, Urusi, Kramnik alikuwa akipigania ubingwa wa dunia na Veselin Topalov. Kambi ya Topalov ikalalamika kwamba Kramnik anaenda chooni mara nyingi mno. Choo kikafungwa, Kramnik akagoma, mchezo wa tano akanyang'anywa bila kucheza. Mwishowe alishinda ubingwa. Baadaye mwaka huo huo, Bonn, alicheza na Deep Fritz. Katika mchezo wa pili, akiwa hana shida yoyote, alisogeza malkia wake na kuacha chekimeti ya hatua moja, kosa ambalo mtoto wa darasa la sita angeliona. Mtu aliyeshukiwa kuwa na kompyuta chooni ndiye aliyefanya kosa la kibinadamu kuliko yote mbele ya kompyuta.

Wapo walionaswa kweli. Mwaka 2019 grandimasta mmoja alikutwa na simu chooni wakati wa mashindano Strasbourg, Ufaransa. Ndiyo maana wanakagua. Sina shida na kukaguliwa.

Halafu ikaja Septemba 2022, Saint Louis, Marekani. Carlsen alipigwa na kijana wa miaka 19, Hans Niemann, akajiondoa kwenye mashindano na baadaye akasema anaamini Niemann amedanganya kuliko alivyokiri. Niemann alikuwa amekiri kudanganya mtandaoni akiwa mdogo. Lakini kuhusu mchezo ule wa ana kwa ana hakuna ushahidi uliotolewa. Kesi ilikwenda mahakamani, wakapatana mwaka 2023, na Shirikisho la Chesi la Dunia, FIDE, likamtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujiondoa bila sababu halali. Kramnik naye, yule wa Elista, kuanzia 2023 akawa mtu wa kuwatilia wenzake shaka mtandaoni, Nakamura akiwa mmoja wao. Tovuti waliyochezea ilichunguza na haikuona udanganyifu. Aliyewahi kufungiwa choo sasa ndiye anayefungia wenzake.

Sisi Kenya tulipata kisa chetu Aprili 2023, kwenye Kenya Open, Nairobi. Mwanafunzi mmoja wa chuo, mwanamume, aliingia sehemu ya wanawake akiwa amevaa buibui, nikabu na miwani, akitumia jina la kike. Alikuwa hajulikani, hazungumzi na mtu, na anawapiga wachezaji wenye nguvu. Waandaaji walisita, kwa sababu hakuna anayetaka kumsumbua msichana kwa ajili ya mavazi ya dini yake. Mwishowe walimhoji, akakiri, akasema ni shida za pesa, akaomba msamaha. Dunia nzima ilicheka. Mimi nilimkumbuka yule Mturuki na joho lake: hapa hapakuwa na kompyuta kabisa, alikuwa mtu aliyefichwa ndani ya vazi. Lakini sikucheka sana. Niliwafikiria wanawake aliowapiga, kisha nikamfikiria msichana mwingine, anayevaa nikabu kweli, ambaye siku moja atakuja kucheza na kushinda. Atatazamwaje?

Hilo ndilo jambo ambalo mdanganyifu huwaachia wengine. Yeye anafungiwa, anaenda nyumbani. Shaka inabaki ukumbini, inamngoja mtu asiyejulikana atakayeshinda baadaye.

*

Na asiyejulikana kwetu ni nani? Kenya bado haina grandimasta hata mmoja. Kocha wa kulipwa ni mambo ya watu wenye nafasi. Mpwa wangu alijifunza chesi kwangu, na akanipita ndani ya mwaka mmoja. Baada ya hapo mwalimu wake amekuwa simu: tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis na ambayo haitozi hata senti, na Stockfish, ambayo ni ya bure tangu 2008. Akimaliza kuosha vyombo anakaa karibu na dirisha pale network inaposhika, anachambua mchezo wake, mashine inamwonyesha alipokosea.

Ile hatua ya Kajiado iliyomletea balaa, alipotoa ngome ili achukue farasi, ni hesabu mbaya ukiitazama kwa haraka. Ngome ina thamani kubwa zaidi. Lakini alikuwa ameona hali inayofanana na hiyo wiki iliyotangulia, na Stockfish ikamwonyesha kwamba farasi yule ndiye aliyekuwa ameshikilia ngome yote ya mpinzani. Yule kijana mwingine, mwenye kocha, akifanya hatua kama hiyo watasema amefundishwa vizuri. Wangu akiifanya, watasema amebeba kompyuta. Na kwa maana fulani aliibeba, kichwani, kama mwanafunzi yeyote anavyombeba mwalimu wake. Mwalimu pekee aliyeweza kumpata ndiye anayeshtakiwa kumficha.

Nilitaka kumwambia ajitetee kwa kueleza: ukiulizwa mbona umecheza hivi, toa sababu. Ni ushauri mzuri, lakini si kinga. Niemann alihojiwa baada ya mchezo, akaeleza, na watu wakayachukua maelezo yake yale yale kumshuku zaidi.

Tulishuka Kitengela saa kumi na moja jioni. Pale karibu na steji kuna benchi ambapo watu wa bodaboda, mafundi na wazee wasio na haraka hucheza drafti kwa vifuniko vya soda, upande mmoja vimeangalia juu, upande mwingine vimeangalia chini. Mchezo wa aina yao nao ulishafikiwa mwisho. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake, Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza baada ya kazi ya miaka 18 kwamba wachezaji wawili wasiokosea kamwe watatoka sare. Ni kweli waliyoipiga hesabu ni ile ya mfalme anayesogea kisanduku kimoja, na hapa kwetu mfalme anaruka ubao mzima. Lakini hata ungewapelekea habari hiyo benchini, wangekuuliza kama unacheza au unaziba taa.

Pale hakuna anayekaguliwa mifuko. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini. Simu wanazo wote. Siku hiyo nilisimama nikawaangalia, na jibu lilikuwa wazi. Kila mmoja anajua mwenzake anavyoshindwa. Wanajua fundi wa viatu huharakisha akinusa ushindi, na yule wa boda nyekundu husahau upande wa kushoto. Kwa hiyo fundi akishinda kwa hatua ya ajabu, wanapiga kelele, wanamtania, wanataka arudie waone. Hawashuku, kwa sababu wamemwona akipigwa mara 500.

Kajiado hakuna aliyewahi kumwona mpwa wangu akishindwa. Walimwona akishinda tu, mara tatu, katika nguo za kawaida, na wakatafuta mashine.

Nilimwambia hivyo tukivuka barabara. Nikamwambia simu aendelee kuitumia nyumbani, ni mwalimu mzuri, lakini kila Jumamosi tutatoka: kilabu, shule za jirani, Kajiado tena, popote penye ubao na watu. Acheze mpaka wamjue. Apigwe mbele yao. Amwache malkia bure kama leo, akosee kama Kramnik, na watu wacheke.

"Kajiado tena?" akauliza.

"Kajiado tena."

Hakujibu. Alienda moja kwa moja hadi kwenye benchi, akasimama nyuma ya fundi wa viatu, akaangalia ubao kidogo. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mzee anaharakisha.

"Wewe nyamaza," fundi akamwambia, bila kugeuka. "Wewe si ndiye nilikupiga Alhamisi?"